Dagaa Mmoja kwa Kila Mgeni

Popi hakufika hata kilo 5, na nadhani udogo huo ndio uliotuponza. Mbwa mkubwa akinguruma, watu husimama, mwenye mbwa huitwa, geti hufungwa. Popi alipokenua meno mara ya kwanza mbele ya shangazi yangu, tulicheka. Watoto walimchokoza ili arudie. Baadaye wageni walipoanza kulalamika, nikawa namchapa kandambili kila anaponguruma, na kweli akaacha. Niliona nimemfunza adabu. Asubuhi moja mchuuzi wa samaki aliteremka kwenye baiskeli yake mlangoni petu, hapa Tanga, na Popi akamng'ata kifundo cha mguu bila kutoa hata sauti.

Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji ya kutiririka kwa dakika 15, kisha nikampeleka hospitali, akaanzishiwa sindano za kichaa cha mbwa ingawa Popi alikuwa amechanjwa. Kwenye jambo hilo hakuna kubahatisha: ugonjwa ule ukishaonyesha dalili, ni nadra mno mgonjwa kupona. Nililipa gharama zote. Aibu sikujua niilipe kwa nini.

Aliyenitoa gizani ni mzee wa mtaa wa pili, aliyezeeka katika kazi ya kulea mbwa wa ulinzi.

"Ulikuwa unampiga?" aliniuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Akiuma, au akinguruma?"

"Akinguruma."

Alinyamaza kidogo. "Mwanangu, kunguruma ndiyo hodi yake. Anakwambia anaogopa, msaidie. Wewe ukamkataza kusema."

Tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi wa ufundi ambao sikujua kama upo, na leo nauheshimu kama ninavyouheshimu ufundi wa kuchonga mlango au kuunda jahazi. Kwanza mzee aliniagiza kwa daktari wa mifugo, Popi akaguliwe masikio na meno, maana mbwa mwenye maumivu humuuma hata ampendaye. Alipoonekana mzima, tukaanza.

Tulikaa chini ya mwarobaini, mahali ambapo wapita njia huonekana kwa mbali. Mzee alikuwa na dagaa wakavu kwenye kipande cha gazeti. Mtu akitokea, Popi akishamwona tu, anapewa dagaa mmoja. Mtu akipotea, dagaa wanakoma. Mimi nilikuwa na haraka, nikawa namtupia Popi dagaa kabla mtu hajatokea, ili atulie mapema. Mzee akanishika mkono. Mtu kwanza, dagaa baadaye. Ukigeuza mpangilio huo, mbwa atajifunza kwamba dagaa ni dalili ya hatari inayokuja. Ivan Pavlov, yule mwanasayansi Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alilionyesha jambo hilo kwa mate ya mbwa: ishara hutangulia, chakula hufuata, mpaka ishara yenyewe ikawa inamtoa mbwa mate. Mzee wangu alilijua kwa vidole vyake.

Dagaa yule alikuwa pia kipimo. Kila mbwa ana mpaka wake ardhini, usioonekana. Mpaka wa Popi ulikuwa kama hatua 20. Mgeni akiwa nje yake, Popi alikula. Akiuvuka, dagaa alidondoka mbele ya pua ya Popi asimwone, hata jina lake hakulisikia. Mbwa akikataa chakula, umemsogeza mno: rudi nyuma. Ufundi wenyewe umo katika kurudi huko. Kuna majuma tuliyopata hatua moja, na majuma tuliyopoteza tatu.

Nikajifunza kumsoma. Hupiga miayo ilhali hana usingizi. Hulamba pua ilhali hajala. Hugeuza uso huku jicho likibaki kwa mgeni, weupe wake ukionekana kama mwezi mwandamo. Mwisho mwili hukakamaa, na kutikisika kwa mkia hakumaanishi furaha. Yote hayo Popi alikuwa ameyasema miaka miwili, mbele ya watu tuliokuwa tunatazama meno tu.

Ingekuwa rahisi zaidi angali mtoto. John Paul Scott na John Fuller, waliowachunguza mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, waliandika mwaka 1965 kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi ndipo mtoto wa mbwa anapowazoea viumbe wa dunia yake kwa wepesi. Popi wiki hizo alizimaliza ndani ya boksi, stoo.

Kitu kimoja mzee alinisahihisha nikamshukuru sana. Nilitaka Popi awapende wageni, awalambe mikono. Akanikumbusha mtaa tunaoishi. Majirani zetu wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Mate ya mbwa kwao ni najisi, na aliyeguswa nayo ana kazi ya kujitoharisha mara saba, moja kwa udongo, na pengine yuko njiani kwenda msikitini. Mbwa anayemrukia kwa mapenzi anamsumbua kama yule anayemrukia kwa hasira. Basi tukamfunza Popi kumwona mtu, kumwacha apite, na kunigeukia mimi.

Mchuuzi wa samaki nilimwomba msamaha mara nyingi kabla sijathubutu kumwomba msaada. Alikubali kusimama mbali, ubavu ukitukabili, asimtazame Popi machoni wala asinyooshe mkono. Kila alfajiri alipiga honi, akasimama, akaondoka. Ilichukua miezi minne.

Juzi aliegemeza baiskeli ukutani kwetu, akachutama kunitengenezea samaki changu. Popi alisimama kando yangu na kamba imelegea. Koo lake likatoa mngurumo mfupi, wa chini. Nikarudi naye hatua mbili. Akamtazama yule bwana, kisha akaninyanyulia uso, akisubiri dagaa wake.

"Kanguruma?" aliuliza mchuuzi, bila kugeuka.

"Kanguruma, bwana."

"Vizuri," akasema, akaendelea kuparua magamba.