Nia ya Anayemimina Maji

Mwaka 1948 Isaac Asimov alikuwa anamalizia shahada ya uzamivu ya kemia katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Kwenye majaribio yake alitumia kemikali iitwayo katekoli, ambayo huyeyuka mara tu inapogusa maji. Akajiuliza: je, kama kuna dutu inayoyeyuka kabla ya kuyagusa? Jibu lake lilitoka Machi mwaka huo katika jarida la hadithi za kisayansi, Astounding Science Fiction, lakini halikuwa na sura ya hadithi. Ni ripoti ya maabara tu, yenye majedwali, grafu na orodha ya marejeo ya kubuni. Dutu inaitwa thiotimolini, nayo huyeyuka sekunde 1.12 kabla ya maji kumiminwa.

Desimali hizo mbili zinachekesha, kwa kuwa upuuzi umepimwa kwa uangalifu. Ila uhodari wenyewe, kwa maoni yangu, umo katika kauli ya kutendwa. Maji yanamiminwa, muda unapimwa, matokeo yanaandikwa, na mtu haonekani. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kukatwa alama kwa kuandika "nilichanganya" anaijua sheria hiyo.

Halafu ripoti inatamka, bila kubadili sauti, kwamba muda wa kuyeyuka hutegemea nia ya anayemimina. Akisitasita hata kidogo, muda unapungua. Na asidhani ataihadaa dutu kwa kusubiri iyeyuke kisha ayazuie maji: kama maji hayatamiminwa, haiyeyuki. Mtu aliyefukuzwa na sarufi amerudi kwa mlango wa kemia, na dhamira yake sasa inapimwa kama halijoto. Papo hapo mwandishi anajivua jukumu: mambo ya nafsi na falsafa si kazi ya wakemia. Hapo ndipo kilele cha kichekesho kilipo, na kimeandikwa kwa utulivu uleule wa kupima gramu.

Asimov aliomba makala itoke kwa jina la bandia. Ikatoka na jina lake halisi, naye akawahofia watahini wa shahada yake. Mwishoni mwa mtihani wake wa mdomo, mmoja wao alimtaka aeleze sifa za kithemodinamiki za thiotimolini. Mtahini huyo alikuwa msomaji makini: aliushika mzaha kwa umbo lake, akauliza kama anayeuliza juu ya chumvi ya kawaida. Aliyeshindwa kujizuia kucheka ni Asimov.