Kumchagua Kambale wa Pipa

Wengi wakifika mbele ya samaki wa moshi hununua kwa macho. Humchukua mweusi anayeng'aa, kwa imani kwamba mng'ao ni dalili ya moshi wa kutosha. Mimi nasema rangi ni shahidi wa kusikilizwa mwisho. Moto mkali wa muda mfupi unatosha kumpa kambale ngozi nyeusi ya kupendeza huku nyama ya ndani ingali na maji ya bwawani. Anayetaka kambale mzima huku Mtunda, au popote kati ya Kibiti na delta ya Rufiji, ajifunze kumshika kwanza, kisha kumnusa. Kumtazama kuje baadaye.

Anza na uzito. Kambale mbichi aliyetolewa utumbo ana maji kiasi cha robo tatu ya uzito wake, na kazi yote ya pipa la kubanikia ni kuyatoa maji hayo bila kuiunguza nyama. Piga hesabu: kilo moja ikikaushwa mpaka maji yawe robo tu ya uzito uliobaki, mkononi utapata gramu 330 hivi. Kwa hiyo kambale mkubwa aliyebanikwa sawasawa ni mwepesi kuliko macho yanavyotarajia. Hapa pana jambo la biashara ambalo mnunuzi hana budi kulielewa. Anayeuza kwa mizani hupoteza fedha kwa kila tone analolikausha, kwa hiyo ana kila sababu ya kumtoa samaki pipani mapema. Anayeuza kwa samaki mmoja mmoja hana kishawishi hicho. Ukimpata anayepima kwa kilo na bado samaki wake ni wepesi, usimwache mtu huyo.

Sasa shingo. Omba ruhusa kwa adabu: "Shikamoo mama, naomba nimguse." Mbanikaji anayeiamini kazi yake hakatai. Weka kidole gumba nyuma ya fuvu, pale nyama ya mgongo inapoanza. Ndipo ilipo nene kuliko kwingine, na ndipo maji yanapotoka mwisho. Kidole kikizama na shimo likabaki, samaki bado. Mle leo au mwache. Lakini wa kuogopwa zaidi ni yule ambaye ngozi yake inakataa kidole, kisha chini ya ugumu ule ukahisi ulaini unaocheza. Huyo alianzishwa kwa moto mkali. Ngozi ilikaza kabla maji hayajapata njia, yakafungiwa ndani. Atakaa vizuri siku chache, halafu ukungu utaanzia kwenye mfupa, mahali usipopaona. Mbanikaji stadi hufanya kinyume: huanza na moto mdogo ili ngozi ikauke taratibu huku maji yakitoka, kisha huongeza joto mpaka nyama iive, kisha huupunguza moto tena na kuuacha moshi umalizie kazi kwa saa nyingi.

Ukinunua wengi, omba avunjwe mmoja. Nyama iachane na uti wa mgongo kwa vipande vizima, na pembezoni mwa mfupa kusiwe na wekundu wa damu. Wekundu pale ni ushahidi kwamba joto halikufika, hata kama nje ni kahawia safi. Kanuni hiyo inafaa kwa chochote kizima kinachoingia pipani. Kuku au bata mzinga wa sikukuu huchunguzwa kwenye kiungo cha paja, karibu na mfupa, wala si kifuani. Wenye kipimajoto husubiri nyuzi 74. Tofauti ni kwamba bata mzinga huliwa siku hiyohiyo, akiwa bado na maji yake. Kambale ana safari, pengine ya basi mpaka Dar es Salaam, na baada ya hapo wiki kadhaa jikoni kwa mtu.

Mnuse tumboni, kwenye nafasi iliyoachwa na utumbo. Harufu ya moshi iwe tamu na kavu. Ukikuta uchachu, au ukali unaopanda puani kama wa choo, jua alikuwa amekwisha kuchina kabla ya kufika motoni, na moshi haumrudishi samaki aliyechina. Mbavu zilizochomoza nje ya nyama na tumbo lililopasuka bila kisu zinasema jambo hilohilo. Kama harufu ni ya dizeli au rangi, kosa liko kwenye pipa.

Na pipa lenyewe linastahili maswali. La kawaida ni lile la lita 200, lililokatwa juu, likatobolewa mlango wa kuni chini, likapitishwa nondo za kubeba wavu. Muulize mwenyewe lilibeba nini zamani. La mafuta ya kula ndilo bora. La mafuta ya magari lichomwe kwa moto mkubwa, tupu, mpaka rangi yote iishe ndani na nje, kisha lisuguliwe. La viuatilifu halifai kabisa, hata lichomwe vipi. Nalisema kwa mkazo kwa sababu hii ni nchi ya mikorosho, na dawa za kupulizia ziko karibu.

Kisha tazama umbali kati ya moto na wavu. Kambale aliyenona hudondosha mafuta, na mafuta yakianguka kwenye makaa hutoa moshi mzito unaompaka samaki masizi. Masizi hayo hubeba kemikali zinazohusishwa na saratani. Hii ni sababu mojawapo iliyofanya tanuri la kubanikia samaki liitwalo FTT, lililobuniwa Senegal mwaka 2008 kwa ushirikiano na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, liwekewe sinia la kukinga mafuta. Mwenye pipa hahitaji tanuri la namna hiyo. Kipande cha bati kilichowekwa mshazari chini ya wavu, kikipeleka mafuta pembeni, hufanya kazi hiyo. Mnunuzi apitishe kitambaa cheupe ubavuni mwa samaki. Rangi ya moshi mzuri imeingia ngozini, haitoki. Kitambaa kikirudi cheusi, rudisha na samaki.

Kuni nzuri hapa ni za mkorosho na mwembe zilizokauka. Makumbi ya nazi yanafaa mwishoni, moto ukishashuka, kwa sababu hufuka bila kuwaka. Maganda ya korosho yasikaribie: mafuta yake huunguza ngozi, na moshi wake huwasha macho na koo. Mkoko una joto la kudumu na wazee wa delta wanausifu, lakini misitu ya mikoko ni hifadhi, kuikata kunahitaji kibali, na eneo zima la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani tangu 2004. Samaki akiharibika kwa kuni za mwembe, tatizo ni mbanikaji.

Msimu nao uuangalie. Wakati wa masika kuni ni mbichi na hewa ina unyevu, kwa hiyo hata mikono mizuri hutoa samaki wanaorudisha maji usiku. Nunua wachache, na uwapitishe tena kwenye moshi nyumbani. Maji yakishakupwa na mabwawa yakabaki na samaki tele, ndipo pa kununua kwa ajili ya akiba. Wabebwe kwenye tenga lenye kupitisha hewa. Mfuko wa nailoni humtoa jasho kambale mkavu, na wadudu wanaotaga kwenye samaki mkavu hupenda unyevu huo.

Jaribio la mwisho ni la jikoni. Mloweke katika maji ya uvuguvugu. Maji yakigeuka rangi ya chai, vizuri. Yakiwa meusi yenye vumbi linalozama, yamwage na umwoshe tena, na muuzaji yule umkumbuke. Nyama ilegee bila kuvurugika. Kisha mtie kwenye tui la kwanza na vipande vya embe bichi, chumvi iende mwishoni, na ladha ya moshi iwepo kwenye mchuzi hata kwa yule aliyepakuliwa mkia.