Masale kwenye folda

Ukipanda kutoka Tengeru kuingia vijiji vya Wameru, kihamba cha mtu, yaani shamba lake la nyumbani, hukijui kwa ukuta. Unaona safu ya masale, mimea ya kuwekea mipaka, unajua kimeishia hapo. Emacs, programu ninayoandikia msimbo, nayo hutafuta sale. Ukiwa ndani ya faili lolote ukaomba orodha ya mafaili ya mradi, inapanda folda moja baada ya nyingine mpaka ikute folda iliyofichwa ya .git. Hapo ndipo mradi unapoanzia.

Mimi nilipanda sale langu pasipo pake. Tovuti za waongoza watalii, mfumo wa risiti wa duka moja la Njiro, mazoezi ya Python: vyote vilikaa ndani ya folda iitwayo kazi. Siku moja, kwa pupa, niliandika git init, amri ya Git inayounda .git, nikiwa ndani ya kazi badala ya ndani ya mradi. Tangu hapo C-x p f, amri ya kutafuta faili la mradi, ikawa inanimwagia gunia zima. Kilichonichanganya ni kwamba miradi mingine ilikuwa mizima. Ile yenye .git yake haikuguswa, maana Emacs hushika sale la karibu. Iliyomezwa ni ile isiyo na alama.

Niliihamisha .git ile ya juu (sikuthubutu kuifuta). Kwa miradi midogo isiyohitaji Git, nikaongeza mstari huu kwenye mipangilio:

(setq project-vc-extra-root-markers '(".sale"))

Kigezo hiki kilikuja na Emacs 29, mwaka 2023. Kazi iliyobaki ni kuweka faili tupu liitwalo .sale kwenye folda kuu ya kila mradi.

Sasa C-x p p inaleta orodha ya miradi, nachagua. Orodha inaandikwa kwenye diski, hivyo umeme ukikatika haipotei, wala haidai bando. Ila amri ninayoipenda zaidi ni C-x p k: inafunga mafaili yote ya mradi mmoja na kuacha mengine. Wenzangu wengi wanatumia VS Code, dirisha moja kwa kila mradi. Kwa kompyuta yangu ya RAM ya GB 4, madirisha matatu ni kilio.

Kero iliyobaki: mradi ukiufuta, jina lake linabaki kwenye orodha. Dawa yake ni M-x project-forget-zombie-projects. Ndiyo, waundaji wa Emacs wameiita miradi hiyo mazombi.