Gari Juu, Fundi Chini

Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, ina manispaa nne: Likasi yenyewe, Kikula, Panda na Shituru. Shituru ina mitambo ya shaba, Panda ina karakana kuu za Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na Kikula ina watu. Viwanja vyake vimebanana, na ndani yake yamo magari yaliyokula chumvi nyingi: Corolla zilizofika zikiwa zimekwisha kutumika Japani, Hiace za abiria, mara mojamoja Peugeot 504 ambayo mwenyewe hataki kuachana nayo. Magari haya hayaoni mashine ya kunyanyulia yenye nguzo mbili. Hutengenezwa uani, chini ya mwembe au kibanda cha mabati, na hupandishwa kwa mkono.

Sifa huenda kwa yule anayefufua injini. Ni haki yake. Lakini iko kazi inayotangulia, ambayo watu huipita bila kuitazama: kuliweka gari la tani moja hewani, likatulia huko, mtu akaingia chini yake, akafanya kazi nusu siku, akatoka mzima. Kazi hiyo ni ufundi kamili, na anayeijua vizuri anastahili kuheshimiwa sawa na bingwa wa injini.

Kupandisha kwenyewe si shida. Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, alionyesha kwamba kimiminika kilichofungiwa hupeleka msukumo sawasawa kila upande, na mwaka 1851 Richard Dudgeon wa New York akapata hataza ya jeki inayotumia kanuni hiyo. Pistoni ndogo husukuma mafuta chini ya pistoni kubwa. Ikiwa eneo la kubwa ni mara 40 ya ndogo, nguvu nayo huzidishwa mara 40. Gharama yake ni kwamba gari hupanda kidogo kidogo. Umeme ukikatika jeki haina habari. Hata kijana mwembamba anaweza kuipampu.

Ugumu uko katika kubaki juu. Uzito wote ule umezuiwa na mpira mwembamba ndani ya silinda na gololi ndogo ya vali. Mpira ukichakaa, au punje ya mchanga ikikaa pale gololi inapozibia, mafuta hurudi yalikotoka, pengine taratibu, pengine kwa mkupuo. Ndiyo maana fundi wa kweli hutumia jeki, au kriki kama wasemavyo Katanga, kwa kupandishia tu. Kushikilia ni kazi ya shandeli, zile stendi za chuma zisizo na mafuta wala mpira. Asiyekuwa nazo hana ruhusa ya kuingia chini ya gari, hata kwa dakika moja ya kuokota nati iliyodondoka.

Mambo huanzia ardhini. Mvua za Katanga huanza kuelekea Novemba na hukoma karibu na Aprili. Udongo mwekundu uliokuwa mgumu Agosti hubonyea Januari. Jeki ya magurudumu, ile ya kulala, haipandi wima. Mkono wake huchora upinde, kwa hiyo ni lazima itambae kidogo kulifuata gari. Magurudumu yake yakizama udongoni haitambai: hulivuta gari pembeni, au kikombe chake huteleza kutoka mahali pake. Fundi hutandika kwanza bamba la chuma au ubao mpana mnene, na kila shandeli nayo hupata ubao wake.

Kisha gurudumu linalobaki chini. Hapa ndipo ujuzi wa gari moja moja unapohesabika. Katika Corolla nyingi breki ya mkono hukamata magurudumu ya nyuma. Ukipandisha nyuma, breki hiyo haina tena cha kushika ardhini, na kabari zinazobana matairi ya mbele, mbele na nyuma ya kila tairi, ndizo za kutegemewa kulizuia gari lisitembee. Citroën 2CV ni kinyume: breki yake ya mkono iko mbele. Peugeot 504 huendeshwa na magurudumu ya nyuma, na kwa zile zenye difu ya kawaida, gurudumu moja likiwa hewani, lenzake linaweza kuzunguka hata gia ikiwa imeingizwa. Fundi anayejua haya hamwambii mteja kwamba gari limefungwa breki. Huinama na kuweka kabari.

Gari la zamani lina siri nyingine, nayo ni kutu. Kiwandani huimarishwa sehemu maalumu za kupigia jeki, mara nyingi kwenye ukingo wa chini ya milango, zikiwa na alama mbili za mkato. Miaka 30 ya matope huweza kuifanya sehemu hiyo ibaki rangi tu yenye umbo la chuma. Fundi huigonga kwa nyundo na kusikiliza: chuma kizima hulia, kilichooza hufifia. Huichokoa kwa bisbisi. Ikimeza ncha, anaiacha na kutafuta fremu au sehemu nene inayobeba mikono ya magurudumu.

Watu wa Likasi hawahitaji kufundishwa maana ya nguzo. Kambove, mji jirani, ulichimbwa chini ya ardhi, na mwaka 1990 mgodi wa Kamoto kule Kolwezi uliporomoka, pigo ambalo uzalishaji wa Gécamines ulilihisi kwa miaka. Kutoka migodini mafundi wana mfano mzuri wa kuigwa: mbao ngumu nene zilizopangwa kwa kupishana, mbili hivi na mbili vile, hadi kimo kinachotakiwa. Mbao zikielemewa hulia na kubonyea kabla ya kuvunjika, zinaonya. Tofali halionyi. Matofali ya kuchoma ya udongo wa kichuguu hubeba ukuta miaka mingi kwa sababu uzito umeenea, lakini tofali moja ukiliweka chini ya ukingo mwembamba wa gari hupasuka kwa pigo moja. Shandeli za kulehemu mtaani nazo hukaguliwa: miguu ipanuke, pini iwe ya chuma kinene, si msumari wala kipande cha nondo.

Gari likishakaa juu ya shandeli, fundi hushika mwili wake na kulitikisa kwa nguvu angali amesimama nje. Likicheza, anashusha na kuanza upya. Lisipocheza, gurudumu lililotolewa hulazwa chini ya ukingo, na jeki huachwa ikigusa tu. Mwanafunzi anayesikia “Tingisha tena, kijana” hupata somo ambalo hakuna kitabu kitampa.

Kushusha huenda polepole, vali ikifunguliwa robo ya mzunguko. Nati, zilizolegezwa nusu mzunguko kabla gari halijapanda, hukazwa kwa kuvuka upande wa pili matairi yakiwa yamekanyaga ardhi, kwa Corolla karibu Nm 103. Kabari hutolewa mwisho. Jeki hufutwa vumbi, pistoni ikarudishwa ndani ili isishike kutu.