Tuzo na Mwendo katika Michezo ya Dola za Nyota

Mtu akisafiri hutaka kuona, na akiisha kuona hutaka kulipwa kwa taabu yake. Tamaa hizi mbili ndizo msingi wa michezo ya kompyuta ihusuyo dola za nyota. Mwaka 1993 mwandishi Alan Emrich aliieleza michezo ya namna hii kwa vitendo vinne: kuvinjari, kupanua, kuchuma na kuangamiza. Makala haya yanahusu kitendo cha kwanza, kwa kuwa aghalabu ndicho kifacho mapema. Yamkini wako wasomaji watakaosema kuwa mchezo si jambo la kuhakikiwa katika jarida la fasihi. Nawajibu kwamba penye kisa, na penye mtu angojaye kujua litakalofuata, hapo pana kazi ya mhakiki.

Tuanze na Master of Orion, mchezo uliotolewa mwaka 1993. Ndani yake chombo hakiendi kokote nahodha atakako. Kimefungwa na mafuta yake, na umbali wake hupimwa kutoka makazi yaliyo karibu. Elimu ya mafuta ikiongezeka, duara la safari hupanuka, na nyota zilizokuwa za kutazamwa tu huwa za kufikiwa. Kwa hiyo kuvinjari hakuishi kwa siku moja; hurudi kila elimu mpya ipatikanapo. Juu ya tuzo zote imewekwa sayari ya Orion na Mlinzi wake. Mchezaji aweza kuijua mapema, lakini haitwai mpaka awe na nguvu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuzo moja ijulikanayo ilipo na isiyofikiwa huvuta moyo kuliko kumi zilizookotwa njiani.

Stellaris, uliotolewa na Paradox mwaka 2016, umeshika njia nyingine. Hapa mwanasayansi hutumwa na chombo chake kukagua nyota moja baada ya nyingine, na mara kwa mara hukuta ajabu fulani: mathalan mabaki ya watu waliokwisha kutoweka, au ishara isiyo na mwenyewe. Kila ajabu lina kisa kifupi, na chini ya kisa huandikwa faida. Mchezo huanzia mwaka 2200, na miongo yake ya kwanza ni ya furaha kubwa. Kisha mipaka ya dola hukutana, ramani hujaa, na furaha ile hupungua ghafla, ilhali mchezo kwa mpango wake wa kawaida waweza kuendelea hadi mwaka 2500. Karamu imeliwa yote asubuhi, na mchana kuna njaa.

Walakini kasoro si ya mpangilio peke yake. Nimewatazama wanafunzi wangu wakicheza. Visa vya kwanza walivisoma neno kwa neno. Baadaye macho yao yalishuka moja kwa moja kwenye hesabu iliyo chini. Hawakuwa wavivu. Mchezo wenyewe uliwafundisha kuwa kisa ni ganda na faida ndiyo kiini.

Zamani nilidhani kuwa dawa yake ni hatari. Hapo kwanza uchunguzi wa maajabu hayo uliweza kushindwa. Mwaka 2018 watunzi wakaiondoa hatari ile, wakaacha gharama ya muda tu. Nilisikitika, nikafundisha darasani kuwa tuzo isiyo na shaka si tuzo bali ni mshahara. Mwanafunzi mmoja akanijibu, "Mwalimu, hata zamani hatukuogopa. Mwenye busara aliliacha ajabu mpaka mwanasayansi wake akomae, ndipo akalirudia. Gharama ilikuwa muda siku zote." Nililifikiri neno lake, nikaona kuwa amenishinda. Watunzi hawakuondoa hofu. Walikiri tu kuwa haikuwapo.

Dawa ya kweli, naiona, imo katika nyongeza ya mwaka uo huo, iitwayo Distant Stars. Iko milango iliyofungwa, na mchezaji hukusanya maarifa kwa muda mrefu kabla ya kuweza kuifungua. Nyuma yake pengine pana neema, pengine pana kundi la mashine litakaloivamia dola yake na dola za jirani. Hajui. Hapa shaka haikuwekwa katika bahati nasibu, bali katika uamuzi wa mtu. Nayo huja wakati ramani imekwisha kujaa, yaani wakati ihitajikapo. Wanafunzi wale wale walioruka visa vifupi niliwaona wakisoma kila neno mbele ya mlango ule, maana hesabu ya faida haikuandikwa.

Basi kipimo changu ni hiki. Tuzo njema haijazi ghala tu. Humpa mchezaji swali jipya. Mtunzi asiwe mchoyo, asiwe na mbadhirifu. Agawe maajabu yake kwa kiasi, abakize moja la jioni, na asimwonyeshe msafiri bei ya kitu kabla hajakitazama.