Milioni Mia za Naguru

Kilima cha Naguru, upande wa mashariki wa Kampala, hakikugawa ardhi yake kwa usawa. Juu kuna barabara tulivu na nyumba za kifahari zinazotazamana na Kololo. Chini, kule Go-down na Katale, mabati yamekaribiana kiasi kwamba mtu hujua jirani amepika nini. Ipo pia kambi ya polisi, mahali ambapo mtoto wa Kampala anaweza kukua akisikia Kiswahili kila siku, maana polisi na jeshi la Uganda wamekitumia tangu enzi za ukoloni. Mwaka 2011 nyumba za zamani za Naguru na Nakawa, zilizojengwa na wakoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, zilibomolewa na wapangaji wakatawanyika. Basi katika mtaa kama huu, jambo moja la kila mwezi wa Agosti linastahili kutazamwa kwa heshima. Afande, kinyozi, mwendesha boda na mwenye ghorofa hupewa mtaji uleule: pauni milioni 100, za kubuni, na hakuna anayeanza na hata senti ya ziada.

Mtaji huo ni wa Fantasy Premier League, kwa kifupi Fantasi, mchezo ulioanza mwaka 2002 na ambao sasa una wachezaji zaidi ya milioni 10 duniani. Kujiunga ni bure. Kila mpangaji wa kikosi hununua wanasoka 15 wa Ligi Kuu ya Uingereza: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3, wasizidi 3 kutoka klabu moja. Kumi na mmoja huanza, wanne hukaa benchi, na mmoja huvaa utepe wa nahodha ili pointi zake zihesabiwe mara mbili. Anachokifanya mwanasoka uwanjani ndicho kinachompa mpangaji wake pointi: bao la mshambuliaji 4, la kiungo 5, la beki 6, pasi ya bao 3, na kipa au beki ambaye timu yake haikufungwa hupata 4.

Kueleza ni rahisi. Kupanga ndiyo kazi, na kikosi cha kwanza ndicho kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu hupangwa kabla mpira haujapigwa hata mara moja.

Tazama hesabu ya msimu wa 2025/26. Mohamed Salah, aliyekuwa ametoka kuweka rekodi ya mchezo huu kwa pointi 344, aliwekewa bei ya milioni 14.5. Erling Haaland aliwekewa 14.0. Mpangaji akiwachukua wote wawili ametumia 28.5, na zinabaki 71.5 za kununulia watu 13. Kila mmoja wao apate wastani wa 5.5. Kwa bei hiyo hununui nyota, wala hununui hata mtu ambaye jina lake litatajwa kwenye kibanda cha kuonyeshea mechi Jumamosi jioni. Unanunua mabeki wa timu za katikati ya jedwali, viungo wakabaji, kipa wa timu iliyopanda daraja. Akimwacha mmoja wa wale wawili, pumzi inarudi, lakini anabaki na hofu ya Salah kufunga matatu huku nusu ya mtaa imempa unahodha.

Ustadi wa fundi wa kweli, basi, hauonekani kwa Haaland. Haaland anajulikana na kila mtu. Huonekana kwa yule mtu wa milioni 4, aliye mwisho kabisa wa orodha, ambaye fundi amemchagua kwa sababu anayoweza kuieleza.

Mwaka 2019 Sheffield United walipanda daraja, na orodha ya mchezo ikamwandika John Lundstram kuwa beki wa milioni 4.0, bei ya chini kabisa. Lakini Lundstram hakuwa beki. Alicheza kiungo, akaingia kwenye boksi la wapinzani, akapiga mashuti, na kila bao lake likalipwa kama la beki. Alifunga mabao 5 msimu ule. Aliyefuatilia mechi za maandalizi za Sheffield aliliona hilo mapema. Aliyesoma majina tu hakuliona mpaka bei ilipokuwa imeshapanda. Miaka minne kabla yake, Riyad Mahrez wa Leicester alianza msimu wa 2015/16 kwa milioni 5.5, akafunga mabao 17 na kutwaa ubingwa. Mwaka 2017 Salah mwenyewe aliletwa kutoka Roma kwa bei ya 9.0, akaandikwa kiungo ingawa alicheza pembeni mwa ushambuliaji, na akamaliza na mabao 32, kila moja likilipwa pointi 5 badala ya 4. Mwanya huo kati ya kilichoandikwa na kinachochezwa ndiko mpangaji mzuri anakoishi.

Na jicho la kuuona mwanya huo halipatikani kwenye simu peke yake. Ukishuka Naguru kuelekea Lugogo unafika uwanja wa klabu ya KCCA, uliopewa jina la Philip Omondi, aliyefunga mabao 3 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 1978 na kuwa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano yale, mwaka ambao Uganda ilifika fainali na kushindwa na Ghana. Anayeketi Lugogo mwishoni mwa juma haoni namba za kwenye simu. Anaona nani anapiga kona, nani anakimbilia penalti, beki gani wa pembeni harudi nyuma mpira ukipotea, kipa gani anapangua mengi kwa sababu ukuta wake unavuja. Maswali hayohayo ndiyo humsaidia kumchambua mtu wa Burnley au Bournemouth anayemwona kwenye televisheni tu. Kipa huyo wa ukuta unaovuja, kwa mfano, ana thamani yake: kila mipira 3 anayookoa humletea pointi 1, hata kama timu yake imefungwa.

Burnley ndiyo iliyotoa somo zuri la Agosti 2025. James Trafford, kipa wao, alirudi Manchester City, na Martin Dubravka akaletwa kutoka Newcastle. Orodha ikampa bei ya 4.0. Kipa anayecheza kila wiki kwa bei ya chini kabisa hapatikani kila msimu, na aliyefuatilia usajili wa Julai aliokoa nusu milioni ambayo iliweza kumgeuza beki wa kawaida kuwa beki wa maana. Nusu milioni! Katika maduka ya mtaani hiyo ni hesabu ya chenji, lakini katika kikosi cha watu 15 ndiyo inayoamua kama benchi lako litacheza au litakaa tu.

Mwaka uleule kanuni nazo zilibadilika. Beki anayefikisha jumla ya vitendo 10 vya kujilinda katika mechi moja, yaani kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kupokonya mipira, sasa hupata pointi 2 za ziada. Viungo na washambuliaji wanatakiwa kufikisha 12, na wao huhesabiwa pia mipira waliyoiokota. Ghafla kitasa kama James Tarkowski wa Everton, ambaye kazi yake ni kuusukumia mbali mpira siku nzima, akawa na heshima ambayo mchezo uliwanyima watu wa aina yake kwa zaidi ya miaka 20. Hayo ni mageuzi mema. Soka limejaa watu wanaofanya kazi ambayo haiingii kwenye magazeti, na ni haki mchezo unaolihesabu soka ujifunze kuwahesabu hao.

Sanaa hii si ya soka peke yake. Huko Australia, ambako mpira wao huchezwa na watu 18 kila upande kwenye uwanja wa duaradufu, kikosi cha fantasi hufikia watu wapatao 30, na bei ya kila mmoja hupanda au kushuka kufuatana na alama anazopata mwenyewe. Katika Fantasi ya Uingereza bei husukumwa na wanunuzi, na faida hukatwa nusu unapouza: uliyemnunua kwa 5.0 akafika 5.4, unamuuza kwa 5.2. Kwa sababu ya tofauti hiyo wapangaji wa Australia huwinda sana chipukizi wa bei ndogo, wawalee mpaka wanone kisha wawauze. Miongoni mwa mabeki waliowahi kusumbua hesabu zao yumo Aliir Aliir wa Port Adelaide, aliyezaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na ambaye mwaka 2021 alitajwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima.

Kuna wanaoichanganya Fantasi na kubeti. Ni kosa. Mkeka wa kubeti huisha usiku uleule, na aliyeuchana hana tena cha kufikiri. Kikosi cha Fantasi kina wiki 38. Badiliko moja la bure hupatikana kila wiki, na mabadiliko yanaweza kuwekwa akiba mpaka 5. Kila la ziada hukata pointi 4. Mfumo huo humwadhibu mwenye pupa na kumlipa mwenye subira, na kijana anayejifunza kuiacha wiki mbaya ipite bila kubomoa kila kitu anajifunza jambo ambalo duka la kubeti halina nia ya kumfundisha.

Saa nayo ni sehemu ya ufundi. Milango hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Kwa mechi ya mchana wa Jumamosi, hiyo ni saa saba kamili Kampala, mpaka Waingereza warudishe saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba. Hapo inakuwa saa nane. Msimu wa 2025/26 ulifunguliwa Ijumaa tarehe 15 Agosti kwa Liverpool na Bournemouth, kwa hiyo mwisho wa kupanga ulikuwa saa mbili na nusu usiku, na mpira ukaanza saa nne. Zilikuwa siku zenye msongamano. Uganda, Kenya na Tanzania zilikuwa wenyeji wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wanasoka wa ligi za ndani, na siku tatu baadaye Uganda ingecheza na Afrika Kusini pale uwanja wa Namboole, mechi iliyokwisha 3–3. Mpangaji wa Naguru alikuwa na timu mbili za kuhangaikia, na ni moja tu aliyoweza kuibadilisha.

Usiku ule wa Anfield, Liverpool walishinda 4–2 na Salah akafunga. Lakini mabao yote mawili ya Bournemouth yaliwekwa na Antoine Semenyo, Mghana aliyekuwa na bei ya milioni 7.0, chini ya nusu ya bei ya Salah. Kesho yake Haaland naye akafunga mawili dhidi ya Wolves. Waliokuwa wamemchagua Haaland peke yake, kisha wakazigawa zile 14.5 kwa watu wawili wa aina ya Semenyo, walipata walichokitafuta.

Wachache kati yao walikuwa wameona mbali zaidi. Kombe la Mataifa ya Afrika lingechezwa Morocco kuanzia tarehe 21 Desemba, na Salah wa Misri na Bryan Mbeumo wa Kameruni wangeondoka. Waandaaji wa Fantasi walitangaza kabla ya msimu kwamba kila mpangaji angejaziwa mabadiliko 5 ya bure kwa ajili hiyo. Ghana, hata hivyo, haikuwa imefuzu. Hilo lilijulikana tangu Novemba 2024. Tarehe 27 Desemba 2025 Uganda na Tanzania zilitoka sare ya 1–1 mjini Rabat, na siku hiyohiyo Ligi Kuu iliendelea bila Salah wala Mbeumo. Semenyo alikuwa bado Uingereza, na aliyempanga kwa hesabu hiyo tangu Agosti hakulazimika kutumia badiliko hata moja kumtafutia mtu wa nafasi yake.