Kutazama Kabla ya Kugusa

Siku ukungu unapofunguka juu ya Uluguru, mtu aliye mjini Morogoro huiona minara ya mawasiliano kwenye kilele cha Bondwa, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Macho ya wengi huishia hapo, na wengi huamini kwamba mtandao unatoka huko. Minara inastahili heshima yake, lakini kazi yake ni kubeba. Kinachobebwa, iwe tasnifu ya mwanafunzi, fomu ya kujiunga na shule au bei ya mdalasini, kimehifadhiwa ndani ya kompyuta fulani katika chumba chenye kiyoyozi, na kompyuta hiyo ina mtu anayeiangalia. Mtu huyo ndiye ninayetaka kumsifu, hasa kwa kazi yake moja: kutafuta ni nani anayeila prosesa ya seva inayotumiwa na watu wengi.

Seva kamili ni ghali. Ina gharama ya kuinunua, ya umeme, ya kiyoyozi na ya betri za akiba kwa ajili ya saa ambazo umeme umekatika. Kikundi cha wakulima wa karafuu na pilipili manga wa Kinole hakiwezi kubeba gharama hizo peke yake, wala shule ya kata, wala kijana anayewaongoza wageni kupanda hadi Morningside. Kwa hiyo tovuti thelathini, hamsini, wakati mwingine mia, huwekwa pamoja kwenye seva moja. Kila mwenye tovuti ana folda yake na nywila yake, lakini prosesa, kumbukumbu na diski ni za wote. Ni mpango wa busara, kwa sababu tovuti nyingi hazina mgeni kwa sehemu kubwa ya siku, na nguvu ambayo mmoja haihitaji saa hii humfaa mwingine. Mpango huo una sharti moja tu: asitokee mmoja akala zamu za wote.

Sharti hilo linapovunjika, dalili huwafikia wote kwa pamoja. Kurasa zinachelewa, nyingine hazifunguki kabisa, na simu zinaanza kuita. Kila anayepiga anaamini kuwa tovuti yake ndiyo yenye ugonjwa. Hapo fundi hukutana na vishawishi viwili. Cha kwanza ni kuizima seva na kuiwasha tena. Mara nyingi nafuu hupatikana, lakini kazi zote zilizokuwa zikiendelea hufutika, na ushahidi wa nani alikuwa akifanya nini hufutika nazo. Baada ya saa moja tatizo linarudi, na fundi hajui zaidi ya alivyojua mwanzo. Kishawishi cha pili ni kuifunga tovuti inayojulikana kuwa na wageni wengi, kwa hisia tu. Nakiona hiki kuwa kibaya zaidi, maana kwenye seva ya pamoja dhana isiyo na ushahidi humwadhibu jirani asiye na kosa.

Fundi mzuri huanza kwa kuuliza. Kwenye seva za Linux swali la kwanza, foleni ya kazi ni ndefu kiasi gani, hujibiwa kwa namba tatu: wastani wa mzigo, yaani idadi ya kazi zinazofanyika au zinazosubiri zamu, katika dakika 1, dakika 5 na dakika 15 zilizopita. Ikiwa prosesa ina viini vinne, mzigo wa 4 maana yake, kwa kadirio la kawaida, ni kwamba kila kiini kina kazi na hakuna anayesubiri. Mzigo wa 12 maana yake ni kwamba kazi nane ziko kwenye foleni. Mpangilio wa namba hizo nao una habari. Zikisomeka 12, 5, 2, tatizo ndiyo kwanza linaanza. Zikisomeka 2, 5, 12, tatizo linaondoka lenyewe, na kilichobaki ni kutafuta ni nini kilichopita. Anayeweza kusoma namba tatu hizo ameshaepuka nusu ya makosa.

Swali la pili, ni kazi ipi inayokula prosesa, hujibiwa na programu iitwayo top. William LeFebvre aliiandika mwaka 1984, mwaka uleule ambao Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilianzishwa hapa Morogoro. Zaidi ya miaka arobaini baadaye, mafundi wengi duniani bado huifungua kabla ya kitu kingine chochote. Huonyesha kazi zinazoendelea, yenye kula prosesa kuliko zote ikiwa juu, na hujisasisha kila baada ya sekunde chache. Asiyezoea huona jina la kwanza na kukimbilia kulifuta. Fundi husoma kwanza mistari ya juu, inayoeleza prosesa inatumiaje muda wake: kiasi gani kwa programu za watumiaji, kiasi gani kwa mfumo wenyewe, kiasi gani imekaa bure ikiisubiri diski.

Mistari hiyo ni muhimu kwa sababu mzigo mkubwa si lazima utokane na prosesa. Tangu mwaka 1993, Linux huhesabu ndani ya mzigo hata kazi zilizokwama zikiisubiri diski. Ndiyo maana seva inaweza kuonyesha mzigo wa 20 huku prosesa yake ikiwa karibu haina kazi. Ugonjwa uko kwenye diski, na kuongeza prosesa ni kutupa pesa. Tena, ikiwa seva yenyewe ni sehemu tu ya mashine kubwa iliyogawanywa, kuna kipimo cha muda ambao mashine hiyo kubwa imewapa wapangaji wengine. Kipimo hicho kikipanda, hakuna tovuti ya ndani ya kulaumiwa. Fundi anayelijua hili huwaondolea lawama wateja hamsini kwa kusoma mstari mmoja.

Namna ya kutazama nayo ina adabu yake, na sisi wa Morogoro tuna mfano wake karibu. Katika eneo la Chuo cha Sokoine, tangu mwaka 2000, shirika la APOPO limekuwa likiwafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alifunzwa hapa kisha akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi vingine zaidi ya 100, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la hisani la Uingereza. Pua yake ilikuwa kali, lakini kilichomfaa pia ni uzito wake: panya buku ni mwepesi mno kulipua bomu analolikanyaga. Analitafuta jambo la hatari bila kuliamsha.

Fundi wa seva anahitaji wepesi huohuo. Zipo zana zinazoweza kufuatilia kila ombi ambalo programu inaupelekea mfumo, mstari kwa mstari. Ni zana nzuri, lakini huipunguza mno kasi ya programu inayofuatiliwa, na kwenye seva ambayo tayari inahema, zana hiyo inaweza kuwa ndiyo inayoimaliza. Hata kupanga na kuhesabu daftari kubwa la kumbukumbu za wageni, saa ya msongamano, kwenye seva ileile, ni kuongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Fundi mwerevu huanza na takwimu ambazo mfumo huziweka wenyewe wakati wote, husoma mistari ya mwisho tu ya daftari, na kama anahitaji zaidi hulinakili na kwenda kulihesabu kwenye kompyuta yake. Zana nzito huziweka kwa ajili ya mshukiwa mmoja aliyekwisha kujulikana, tena kwa sekunde chache.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Akishajua ni mtumiaji yupi anayekula, fundi anabaki na swali gumu kuliko yote: kwa nini? Hapo ndipo daftari la wageni linapofunguliwa. Huhesabu maombi kwa anwani yalikotoka, kwa ukurasa ulioombwa na kwa dakika. Taratibu sura ya tatizo hujitokeza, na kila sura ina mantiki yake.

Huenda ni wezi wa nywila. Programu inajaribu maneno maelfu kwenye ukurasa wa kuingilia wa tovuti ya WordPress. Kila jaribio ni ghali, kwa kuwa hesabu ya kuhakiki nywila imefanywa nzito makusudi ili kumchelewesha mwizi. Ngao inayoilinda tovuti ndiyo inayomaliza prosesa, ingawa hakuna mlango uliofunguka. Huenda ni roboti zinazokusanya kurasa, ambazo miaka hii zimeongezeka kwa ajili ya kulisha programu za akili unde. Zikiingia kwenye hifadhi ya maktaba ya chuo, hufungua kila mchanganyiko wa mwandishi, mwaka na mada, na michanganyiko hiyo haina mwisho. Tangu mwaka 1994 kuna utaratibu, ulioanzishwa na Martijn Koster, wa kuzieleza roboti zisiingie wapi, lakini utaratibu huo hutegemea uungwana wa mwenye roboti. Wakati roboti zinafungua ukurasa wa laki moja, mwanafunzi wa Mgeta anayetafuta utafiti mmoja kuhusu misitu ya mlima wake hapati kitu.

Sura ninayoiheshimu zaidi ni ile ambayo hakuna mbaya ndani yake. Kanzidata ya tovuti fulani ilipoanza ilikuwa na majina mia tano. Aliyeitengeneza hakuweka faharasa, na haikuonekana tofauti, kwa sababu kusoma majina mia tano yote ili kupata moja ni kazi ya kufumba na kufumbua. Miaka ikapita, majina yakafika laki tano, na kila mgeni anayeuliza jina moja anasababisha yote yasomwe upya. Hakuna aliyebadilisha chochote wiki hii. Tovuti imekua tu, na kukua huko kumekuwa mzigo kwa majirani. Mtu anayetafuta mkosaji hataliona tatizo hili kamwe. Atakayeliona ni yule anayetafuta sababu.

Tena kuna siku ambazo wageni ni wengi kwa haki. Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, wazazi na watoto wa nchi nzima hukimbilia mtandaoni kwa wakati mmoja, na shule iliyoweka matokeo yake kwenye tovuti yake huupata umati wake. Wanunuzi wakiwagundua wakulima wa mdalasini wa Matombo, tovuti yao itajaa. Fundi akizifunga tovuti hizo kwa kuwa zinakula sana, ameua kilekile ambacho seva iliwekwa kukihudumia. Daftari ndilo linalomwonyesha tofauti kati ya watu elfu waliofungua kurasa mbili tatu na anwani moja iliyofungua ukurasa uleule mara elfu.

Tiba huja kwa ngazi. Kwanza ni kuwapa majirani pumzi: kazi inayokula sana hushushwa kipaumbele, kwenye kipimo kinachoanzia -20 hadi 19, ili ipishe wengine bila kusimama. Tangu Januari 2008, Linux ina uwezo wa kuziweka kazi za mtumiaji mmoja katika kundi lenye mgao wake, na kwa njia hiyo sharti la kutokula zamu za wenzako linalindwa na mashine yenyewe. Kisha inafuata tiba ya chanzo: anayejaribu nywila acheleweshwe na mwishowe azuiwe, ukurasa usiobadilika utolewe kwenye kache badala ya kutengenezwa upya kwa kila mgeni, kanzidata iwekewe faharasa. Faharasa moja iliyokaa mahali pake inaweza kufanya kile ambacho seva mpya ya gharama kubwa isingekifanya.

Mwisho kabisa kuna simu ya kupiga, na katika hiyo simu ufundi unaonekana kuwa kazi ya utu. Fundi kijana anampigia mkuu wa shule.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Tovuti yetu imekufa?"

"Haijafa, Mwalimu. Pale watu wanapotafuta majina ya wahitimu, inasoma orodha nzima kila mara, na orodha sasa imekuwa ndefu. Nimeipunguzia kasi kwa leo ili na wenzenu wapate nafasi. Naomba nikae na kijana wenu wa kompyuta tuirekebishe, baada ya hapo itakwenda vizuri kuliko zamani."

Hakuna aliyefokewa wala kuaibishwa. Mwalimu ameelezwa kwa lugha anayoielewa kinachotokea, kilichofanyika na kitakachofuata. Wenye tovuti nyingine hawatajua kamwe ni nani aliyewachelewesha, na hawana haja ya kujua.

Ndiyo maana nauweka ufundi huu kwenye daraja la juu. Fundi wa seva ya pamoja anashika mamlaka makubwa: kwa amri moja anaweza kumzima mtu yeyote. Thamani yake iko katika kukataa kuitumia amri hiyo kabla ya kujua, na katika kufuata maswali kwa mpangilio hata wakati simu zinalia. Tunapowafundisha vijana kompyuta katika vyuo vyetu hapa Morogoro, tuwafundishe mpangilio huo kwa uzito uleule tunaotumia kufundisha lugha za kuandikia programu. Na somo la kwanza lifanyike siku ambayo seva ni nzima. Mwanafunzi aandike namba zake za kawaida: mzigo wa asubuhi, wa mchana na wa usiku, wageni wa siku ya kazi na wa Jumapili, kazi zinazopanda kila saa nane usiku nakala za akiba zinapotengenezwa. Kila tatizo analolitatua aliandike vilevile: dalili, ushahidi, sababu na tiba, kwa Kiswahili ambacho mwenzake wa zamu atakielewa. Asiyejua seva yake ikoje ikiwa na afya hataweza kusema ni nini kilichobadilika inapougua, na jibu lake la kwanza litakuwa la kubahatisha, huku watu hamsini wakiisubiri bahati hiyo.